Kushusha Tunajua, Kupandisha Je?

Katika mijadala yetu ya darasani kuhusu televisheni, kuna hoja tatu zisizokosa kusikika. Ya kwanza husema kwamba dishi zilizotanda juu ya mapaa zimekuja kuua utamaduni wetu. Ya pili husema kwamba Burundi haitakuwa na sauti mpaka iwe na setilaiti yake yenyewe. Ya tatu, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi na vijana, husema kwamba habari ya setilaiti imepitwa na wakati kwa kuwa kila kitu sasa kiko kwenye simu.

Hoja hizi nimezisikia zikipigiwa makofi. Mimi nadai kwamba zote tatu zimepotoka, na zimepotokea mahali pamoja: zinamtazama mjumbe na kumsahau anayemtuma. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Setilaiti ni mjumbe. Haijui Kifaransa, haijui Kiingereza, haijui Kirundi wala Kiswahili. Inarudisha chini kile ilichopelekewa juu. Anayechagua lugha na maneno ni yule aliyelipia kupandisha. Sisi miaka yote hii tumelipia kushusha, kisha tunakaa chini na kulalamika kwamba vinavyoshuka si vyetu.

Ili tuelewane, kwanza tuone chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Setilaiti nyingi za televisheni ziko juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho, setilaiti huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hutumia kujizungusha yenyewe. Kwa hiyo, kwa mtu aliyeko chini, inaonekana kama imetundikwa mahali pamoja, na dishi likishaelekezwa kwake halina haja ya kuifuata. Mwingereza Arthur C. Clarke alilieleza wazo hili la kutumia kimo hicho kwa mawasiliano mwaka 1945, wakati hakukuwa na setilaiti hata moja angani. Miaka ishirini baadaye, Aprili 1965, setilaiti ya Intelsat I ilirushwa, nayo ilikuwa na uwezo wa kubeba chaneli moja tu ya televisheni kati ya Ulaya na Marekani. Kituo cha ardhini hupandisha mawimbi, setilaiti huyapokea, huyabadilisha masafa, huyaongezea nguvu, kisha huyamwaga chini juu ya eneo kubwa linaloweza kufunika nchi kadhaa kwa mara moja.

Sisi wa Burundi tumekaa mahali pazuri kwa kazi hiyo. Gitega iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Atakayetembea mitaa ya Gitega akainua macho ataona kwamba dishi nyingi zinatazama juu sana, si upeo wa macho kama zile za Ulaya. Setilaiti za Eutelsat zilizoko nyuzi 36 mashariki, ambazo kwa miaka mingi zimebeba vipindi vya DStv, karibu ziko utosini mwetu. Ukiangusha uzi kutoka kwenye setilaiti hizo mpaka chini, unatua Kenya, si mbali na Nakuru. Kampuni yenyewe makao yake yako Ufaransa, lakini chombo kimesimama juu ya Afrika Mashariki.

Sasa fikiria njia ya kutoka Gitega kwenda Muyinga kupitia Karusi. Ni kilima baada ya kilima, bonde baada ya bonde. Mnara wa televisheni uliosimikwa juu ya mlima mmoja huwahudumia wanaouona, na waliojificha nyuma ya kilima kinachofuata hubaki gizani. Ukitaka kuwafikia wote kwa minara, utajenga mnara mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja utahitaji umeme, mlinzi na fundi. Mawimbi ya setilaiti hayana shida hiyo kwa sababu hayaji kwa ubavu, yanakuja kutoka juu, kama mvua. Yanaanguka juu ya paa la bati na juu ya paa la nyasi. Yanaanguka juu ya nyumba ya aliyelipa ada ya mwezi na juu ya nyumba ya asiyelipa. Tofauti ya nyumba hizi mbili haiko angani. Iko katika kadi iliyochomekwa kwenye king'amuzi. Kufuli hilo ni uamuzi wa biashara, wala si sheria ya fizikia, na chaneli yoyote inaweza kurushwa bila kufuli iwapo mwenye nayo atataka.

Tukumbuke Juni 2019. Intamba mu Rugamba walicheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Nigeria, mjini Alexandria, Misri. Tulifungwa bao moja, lakini nchi nzima ilitazama. Picha zilipanda kutoka Misri na kushuka huku papo hapo. Siku ile sikusikia mtu akisema kwamba vilima vyetu ni virefu mno, au kwamba watu wa mashambani hawawezi kufikiwa. Lakini mtu akitaja televisheni ya kufundishia watoto, visingizio hivyo vyote hufufuka.

Nirudi kwenye hoja ya kwanza, ile ya dishi kuua utamaduni. Ninatoka Muyinga, na huko Kiswahili si mgeni. Kinazungumzwa katika familia za Waislamu, kinazungumzwa sokoni, na kinazungumzwa na wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kobero kwenda Tanzania. Lakini ukiacha mji na barabara kuu na kupanda vilimani, mambo hubadilika. Huko mtoto husikia Kirundi tangu asubuhi mpaka jioni, na Kiswahili hukisikia kwa mwalimu wake peke yake, kwa muda wa somo. Mwalimu mwenyewe mara nyingi alikisoma kwa kukariri na hajawahi kuishi nacho. Ndiyo maana watoto wengi wa vilimani wanaoweza kujenga sentensi ya Kiswahili bila kutafuta maneno ni wale wanaopita mahali penye televisheni. Wamekipata kwenye mpira wa Ligi Kuu ya Tanzania na kwenye tamthilia.

Nani aliwafundisha? Dishi lilelile tunalolilaani. Azam TV ilipoanza kurusha matangazo yake kutoka Dar es Salaam mwaka 2013, iliamua kupandisha Kiswahili, na kikashuka Kiswahili. Haikufanya hivyo kwa ajili ya shule za Muyinga, ilifanya kwa ajili ya biashara yake, na haina kosa. Lakini tukio hilo linabomoa hoja ya utamaduni kuanzia msingi. Kama dishi lingekuwa adui wa lugha zetu kwa asili yake, lisingeleta Kiswahili kabisa. Limeleta kwa sababu kuna aliyekipeleka juu.

Hata hivyo tusijidanganye. Kiswahili cha mtangazaji wa mpira ni kizuri, lakini ni cha kona, penalti na kadi nyekundu. Hakimfundishi mtoto kueleza kwa nini maji huchemka, wala jinsi ya kugawanya shamba katika sehemu tatu sawa. Kazi hiyo inahitaji mtu aliyekaa chini akaandika kipindi kwa makusudi hayo. Mtu huyo hajapatikana, na hatuwezi kumlaumu mfanyabiashara wa Dar es Salaam kwa kukosekana kwake.

Hoja ya pili inavutia zaidi kwa kuwa ina ladha ya uzalendo: tuwe na setilaiti yetu. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko sisi. Desemba 1976, nchi za ikweta zilikutana Bogotá, Kolombia, zikatoa tamko kwamba sehemu ya obiti iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao. Kenya, Uganda na Zaire zilikuwamo. Tamko lile halikukubaliwa na dunia, kwa kuwa Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha sehemu ya anga za juu. Hasira ya waliotamka ilikuwa na sababu. Lakini hata kama wangeshinda, wangekuwa wenye kiwanja tu, na kiwanja hakijengi nyumba.

Afrika haikuishia kwenye matamko. Shirika la RASCOM liliundwa mwaka 1992 ili bara liwe na setilaiti yake ya mawasiliano. Setilaiti ya kwanza ilirushwa Desemba 2007, ikavuja heliamu mara tu baada ya kurushwa, na maisha yake yakafupishwa sana. Nyingine ikarushwa mwaka 2010 kuchukua nafasi yake. Ni juhudi ya kuheshimiwa. Lakini chombo kile hakikuandika kipindi hata kimoja, kwa sababu setilaiti haiandiki vipindi. Wengine hututajia Taifa-1, ambayo Kenya iliirusha mwaka 2023. Hiyo ni setilaiti ndogo ya kupiga picha za ardhi, inayopita chini sana kuliko zile za televisheni. Haibebi chaneli. Kuitaja katika mjadala huu ni sawa na kumwonyesha mtu anayetafuta basi picha ya kamera.

Kama bado mtu anaamini kwamba lazima umiliki ndipo useme, namwomba asome habari za India. Mwaka 1969 India ilitia saini makubaliano na shirika la anga la Marekani, NASA, ya kuazima setilaiti kwa mwaka mmoja. Setilaiti hiyo, ATS-6, ilirushwa mwaka 1974. Kuanzia Agosti 1975 mpaka Julai 1976 ilirusha vipindi kwa vijiji 2,400 katika majimbo sita yaliyokuwa nyuma kimaendeleo. Vipindi vilikuwa saa nne kwa siku: asubuhi vya watoto wa shule, jioni vya wakulima na akina mama, vikihusu kilimo, afya na uzazi wa mpango. Havikuwa vya Kiingereza. Vilikuwa katika lugha za wanavijiji, Kihindi, Kioriya, Kitelugu na Kikannada. Dishi zao zilikuwa za wavu kama ule wa banda la kuku, zenye kipenyo cha mita 3 hivi. Vijiji visivyo na umeme vilitumia betri.

Na ATS-6 ilikuwa imesimama wapi mwaka ule? Nyuzi 35 mashariki. Yaani juu ya Kenya ya magharibi, jirani na Ziwa Victoria. Kwa mwaka mzima, setilaiti yenye nguvu kuliko nyingi za wakati huo ilining'inia juu ya Afrika Mashariki na kuwafundisha watoto wa India. Hakuna aliyetunyang'anya kitu. India ilikuwa imeomba, ikajiandaa miaka sita, ikaandika vipindi na kuvipandisha. Baada ya mwaka setilaiti ikarudishwa kwa mwenyewe, na miaka michache baadaye India ikawa na setilaiti zake za INSAT. Tazama mpangilio: walianza na maneno, chombo kikafuata. Sisi tunataka chombo kwanza, halafu maneno tutayafikiria.

Hoja ya tatu ni ya simu. Wenzangu husema: mwalimu anaweza kurekodi somo, akaliweka kwenye intaneti, yakaisha. Kwa mwanafunzi wa chuo mwenye simu nzuri, ni kweli. Lakini hesabu haidanganyi. Kwenye simu, kila anayetazama hununua vifurushi vyake. Watoto elfu wakitazama somo moja, somo hilo limelipiwa mara elfu, na wanaolipa ni wazazi wao. Kwenye setilaiti, kupandisha somo moja kunagharimu kiasi kilekile, likitazamwa na shule moja au shule elfu kumi. Juu ya hayo, mtandao wa simu unategemea minara, na minara inarudi kwenye tatizo la vilima tulilolitaja. Simu ni nzuri kwa mambo mengi. Kwa kumfikia mtoto wa mzazi asiye na faranga ya ziada, setilaiti bado haijapata mpinzani.

Najua nitaulizwa: umeme je? Swali ni la haki, kwa sababu nyumba nyingi za mashambani hazina umeme. Ndiyo maana sidai televisheni kwa kila nyumba. Nadai shule. Shule moja, dishi moja, paneli ya jua, betri na skrini. Nitaulizwa pia kuhusu mvua, kwa kuwa kila mwenye dishi anajua picha hukatika mawingu mazito yanapokuja. Ni kweli, masafa yanayotumiwa na dishi ndogo husumbuliwa na mvua kubwa. Dawa yake ni kurudia kipindi mara mbili au tatu kwa wiki, jambo ambalo redio zimelifanya siku zote.

Nitaulizwa kuhusu gharama. Kukodi nafasi kwenye setilaiti si bure, lakini si kama zamani. Katika enzi za analogi, transponda moja ilibeba chaneli moja au mbili za televisheni. Kwa teknolojia ya dijitali, transponda hiyohiyo inabeba chaneli kumi au zaidi. Hivyo anayehitaji chaneli moja anakodi kipande tu. Nasi hatuhitaji kukodi peke yetu. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007. Mkataba wa Jumuiya unasema Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Ipo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, makao yake Zanzibar. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba, ngoma na fulana. Mkataba upo, Kamisheni ipo, sherehe zipo. Chaneli ya pamoja ya shule, isiyo na kufuli, inayoshuka Muyinga, Kigoma, Bukavu na Busia kwa wakati mmoja, ingefanya kazi ambayo hotuba haziwezi. Ikiendeshwa na nchi kadhaa kwa kufuata mitaala, itakuwa vigumu pia kwa chama au serikali moja kuigeuza kipaza sauti chake.

Hatuwezi kusingizia kwamba dishi hazipo. Desemba 2015, katika mkutano wa Johannesburg, China iliahidi kupeleka televisheni ya setilaiti kwenye vijiji 10,000 vya Afrika, na kampuni ya StarTimes ikapewa kazi hiyo. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizofikiwa. Siwalaumu Wachina. Mwenye dishi huweka chakula chake ndani yake, na sisi tulipopewa dishi hatukuwa na cha kutia. Kisha mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice ya Afrika Kusini. Wenye kupandisha wanazidi kuwa wachache na wakubwa. Kadiri tunavyochelewa, ndivyo mlango wa kuingilia unavyozidi kuwa mwembamba.

Lawama ya mwisho naileta nyumbani, kwa sisi tunaosoma Kiswahili na kwa walimu wetu. Wengi wetu tutakuwa walimu wa lugha hii. Tutapelekwa vilimani kufundisha watoto wasioisikia popote ila kinywani mwetu. Hata hivyo tasnifu zetu, memwari kama tunavyoziita, zinaishia rafuni. Tunachambua methali, tunachambua ngeli, tunahesabu maneno ya mkopo, tunapewa alama, basi. Sidharau kazi hiyo. Ila nauliza: kwa nini mwanafunzi asiruhusiwe kuhitimu kwa kuandika mfululizo wa vipindi kumi vya dakika ishirini, vya kumfundisha mtoto wa darasa la tano Kiswahili kupitia Kirundi anachokijua, vikajaribiwa katika shule halisi na kusahihishwa kwa ukali uleule wa tasnifu?

Kazi hii haihitaji setilaiti kuanza. Inahitaji kalamu, kamera ya kuazima na idara iliyo tayari kuitambua. Vipindi vikiwapo, tutakuwa na cha kupeleka Zanzibar na cha kuionyesha televisheni yetu ya taifa, ambayo imekuwa hewani tangu mwaka 1984. Tutakuwa na cha kuweka mezani siku wakubwa watakapojadili kukodi nafasi angani. Visipokuwapo, tutakwenda mikono mitupu, na mkono mtupu haulambwi. Nawaomba wahadhiri wetu walijadili ombi hili katika kikao cha idara mwaka huu wa masomo, na wenzangu mnaoingia mwaka wa mwisho mlidai kwa maandishi kabla hamjachagua mada zenu.